Nyati Niliyemsugua Akaisha

Alhamisi, 10 Julai

Tik. Sauti hiyo haijanitoka tangu asubuhi. Baba mkubwa Kelestini alitoa risasi zote, akazitia mfukoni, akaizungusha silinda tupu. Tik. Kama kitu kinachofikiri. Bastola ya chuma kisichoshika kutu, ila imefifia kama kijiko cha mgahawani. Nikaomba niing'arishe. Jumapili wanakuja askari wanyamapori wastaafu wenzake, akiwemo Mzee Anselim, asiyeamini hata leo kwamba nyati alimkosa baba mkubwa kidogo tu, pembe ikakwaruza mtutu. Mkwaruzo upo. Ndio shahidi pekee. Baba mkubwa akasema nisafishe kote, shahidi nimwache. Nikamkumbusha nina shahada ya kemia. Akasema hicho ndicho kinachomtisha.

Ijumaa, 11 Julai

Binamu yangu Adolf, fundi pikipiki, ameshauri rangi ya kupuliza. Akacheka kuniona natoka mashine ya mpunga na kiroba cha pumba. Mjinga! Mama zetu husugua masufuria ya harusi kwa majivu ya pumba mpaka bibi harusi ajione. Nimechoma, nimechekecha kwa kitambaa, nimechanganya na mafuta ya kula. Kwanza msasa laini na maji, kufuata urefu wa mtutu. Kisha majivu. Jioni chuma kikafunguka. Sina neno lingine. Niliona jicho langu, na nyuma yake milima ya Udzungwa. Yote! Nilisahau kupumua.

Jumamosi, 12 Julai

Kasoro moja. Mkwaruzo unaikata milima. Nimelainisha kingo tu.

Baadaye: kingo zimekwisha. Na katikati pia.

Jumapili, 13 Julai

Wageni walikula wali na samaki aina ya kitoga. Baba mkubwa alisimulia, akafika penye pembe, akainua bastola. Mzee Anselim akavaa miwani. Akasema anamwona mzee mwenye pua kubwa, nyati hamwoni. Mama mkubwa Agnella akaomba asogezewe arekebishe kilemba. Watu walicheka mpaka machozi. Baba mkubwa hakucheka. Walipoondoka akaniuliza, kwa sauti ndogo: Restuta, nyati wangu umempeleka wapi?

Jumatatu, 14 Julai

Msumari wa bati. Nimechora mkwaruzo upya huku nalia. Baba mkubwa akaukagua, akasema nyati huyu ametumia rula. Lakini akaupitishia kidole gumba. Akaupitishia tena. Amenisamehe! Mzee Anselim ataitwa tena Jumapili, ataambiwa miwani yake ilikuwa chafu. Nimeapa sitaugusa.

Jumatano, 16 Julai

Nimekabidhiwa bastola niipake mafuta. Mafuta tu, amesisitiza. Nikaitoa uani, kwenye jua. Tik. Milima ilikuwemo mle, na ukungu wake, na mstari wa rula ukiipasua katikati. Uzuri wa namna ile, na mstari!

Majivu yalikuwa yamebaki kikombe kimoja. Mstari haupo tena.