Motakaa Iliyogoma Kusimama Ukweni

Leo nimeaibika. Si ile aibu ya kuteleza sokoni ukajipangusa ukaenda zako. Nimeaibika ukweni, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, na Mjerumani kakaa kiti cha nyuma!

Nawaandikia nyinyi wenzangu wa Tanga mapema, kabla habari haijawafikia na chumvi yake. Maana itawafikia. Morogoro sasa kuna treni, na umbea hausafiri kwa tiketi.

Mnanijua. Tangu tutoke shule sijakaa mahali nikaona mavuno mawili. Pangani, Kilwa, Tabora. Kila nikifika nakumbuka nilikotoka, nafunga mzigo. Sasa nimepita arobaini, naendesha motakaa ya Bwana mmoja Mjerumani mwenye shamba la mpira upande wa Kingolwira. Watu wamempa jina Bwana Haraka, na hajalikataa. Tena nimempata Hawa. Ni mjane, anauza vitumbua pale stesheni, na vitumbua vyenyewe... (nisiseme sana, mtapanda treni).

Kikwazo kilikuwa mjomba wake, Mzee Kobelo wa Mlali. Huku kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Ardhi ni ya ukoo wa mama, na mume ndiye anayekwenda kukaa kwao mke. Basi mzee akatuma salamu: "Huyo mtu wa pwani ni upepo. Sisi tunataka mume wa kukaa. Aje nimwone."

Siku ya kuonwa ilikuwa leo. Bwana Haraka naye alitaka kwenda Mlali kutazama mashamba ya mboga. Nikasema Mungu akikupa hakuandikii barua. Nitafika kwa motakaa!

Tatizo lilikuwa klachi. Kwa msiojua: ni kikombe cha chuma kilichovikwa ngozi, kinachoshikana na gurudumu la mtambo. Ukikanyaga kinaachia, ukiondoa mguu kinashika na motakaa inakwenda. Sasa Bwana Haraka, kwa kupenda mbio, aliagiza vyombo vipya kutoka Ulaya akaufunga mtambo upya. Ukapata nguvu ya nyati. Lakini ngozi ya klachi ilikuwa ile ile ya zamani, imekwisha. Kila kilima mtambo unanguruma, ngozi inateleza, motakaa imesimama. Tunashuka, tunasukuma. Mji mzima ulishazoea. Wakiniona wanaimba, "Sukuma, dereva, sukuma!" Hata Hawa aliniuliza siku moja, "Hivi wewe kazi yako kuiendesha au kuichunga?"

Kwenda kusukuma mbele ya mjomba? Sikubali! Nikaamua kuivika klachi ngozi mpya, nene, ya nguvu kuliko ya kwanza. Ngozi laini iliyotengenezwa kwa mafuta ya mbarika haikuwepo. Lakini nyuma ya nyumba yangu anakaa fundi wa ngoma. Nikajiambia: ngozi inayopigwa usiku kucha harusini isipasuke, itashindwa na motakaa? (Kichwa hiki! Na kilisomeshwa!) Fundi akanipa kipande kibichi cha ng'ombe. "Iloweke maji, uivike ingali mbichi," akasema. "Ikikauka itakaza mpaka utaniombea dua."

Hilo la kukaza hakunidanganya.

Asubuhi tukaondoka. Jamani, ile motakaa! Kilima cha kwanza tukapanda kama tunateremka. Cha pili, hivyo hivyo. Bwana Haraka akapiga goti lake kwa furaha. Njiani tukakutana na Mjerumani mwenzake juu ya nyumbu, naye Bwana akamwonyesha klachi kwa kidole na kumwambia kwa Kiswahili, makusudi nisikie, "Ngozi ya ngoma! Fikra yangu mimi!"

Mkubwa akiiba sifa, dereva hutazama njia.

Tukavuka vijito, maji yakaruka mpaka chini ya mtambo. Tukapanda tena, mtambo ukapata moto. Nikaanza kusikia harufu. Nilidhani ni nyama ya wageni inachomwa Mlali. Nikafurahi. (Ilikuwa klachi.)

Tukaingia uani kwa Mzee Kobelo. Uwanja umefagiliwa, mikeka imetandikwa. Mzee kakaa katikati, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Akina mama wamejipanga upande. Hawa kavaa kanga mpya, macho chini kama si yule anayenitania stesheni. Nikakanyaga klachi ili tusimame.

Haikuachia.

Nikakanyaga kwa miguu miwili. Wapi! Ngozi mbichi, maji na moto: ilikuwa imegeuka gundi. Imeng'ang'ania chuma kama ukoko wa ubwabwa chunguni. Gia nayo ikakataa kutoka. Nikavuta breki. Breki ikalia, ikatoa moshi, na nguvu ya nyati ikaishinda.

"Shikamoo, mjomba!" nikasema, nikipita.

"Maraha..." akajibu, na mimi nikawa nimeshapotea nyuma ya nyumba.

Mtaniuliza, kwa nini usizime mtambo? Swali zuri. Nililiwaza. Lakini klachi ikiwa imeganda, ukizima huwashi tena. Itabidi isukumwe. Nami nilikuwa nimekuja ukweni ili nisionekane nikisukuma! Nikasema nizunguke mara moja tu, pengine itaachia.

Nikatokea upande wa pili.

"Hodi, mjomba!"

"Karibu, ingi..."

Nikapita. Kuku wakatawanyika. Nikasikia mama mmoja akiuliza, "Mbona hashuki?" Shangazi mtu akamjibu kwa utulivu kabisa, "Mwacheni. Labda ndivyo wanavyoposa pwani."

Mzunguko wa tatu Bwana Haraka akashindwa kuvumilia. Kofia ameikumbatia kifuani, uso mwekundu. Akapiga kelele ile ya maaskari: "Halt!"

Neno hilo huku hakuna asiyelijua. Wanaume wakasimama wima. Wanawake wakasimama wima. Mzee Kobelo akasimama, fimbo ubavuni. Mbuzi mmoja naye (naapa!) akasimama. Kitu kimoja tu hakikusimama, na usukani wake nilikuwa nimeushika mimi.

Mwisho Bwana akainama juu ya bega langu, akazima mtambo mwenyewe. Tukaingia shamba la maboga, tukapiga mgomba mmoja, tukatulia mlangoni mwa jiko. Boga moja likaviringika polepole mpaka miguuni pa Mzee Kobelo.

Nikashuka. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akasema. Safari hii alilimaliza. "Umekuja, au bado unapita?"

Watu walicheka! Hawa alijifunika kanga uso mzima, nikaona mabega tu yakitikisika.

Mzee akachungulia mtambo pamoja nami. "Hii si ngozi ya ngoma?"

"Ndiyo, mjomba."

"Uliitoa manyoya?"

"Upande mmoja."

Akatikisa kichwa. Nikaona ndoa imekwenda. Tena mgongo ukaanza kuniwasha kabla hata kiboko hakijatajwa, kwa kuwa Bwana Haraka alikuwa anakuja, ndevu zinacheza.

"Nani ametoa fikra hii?" akanguruma.

Nilimtazama tu. Naye akanitazama. Nadhani sote wawili tulimkumbuka yule mwenzake wa juu ya nyumbu. Akakohoa. Akavaa kofia.

"Ngozi ya namna hii hapana tena," akasema. "Mimi naagiza nyingine Ulaya. Wewe kaa hapa, linda motakaa! Mguu wako usitoke Mlali mpaka ngozi imefika!"

"Itachukua muda gani, Bwana?"

Akaangalia milima kana kwamba meli itatokea huko. "Labda masika. Labda baada ya masika."

Mjomba alikuwa mbali kidogo. "Kasema nini Mzungu?"

Hawa akafunua uso. "Kasema huyu hatoki hapa, mjomba. Ni amri."

Mzee Kobelo akatazama motakaa ndani ya maboga yake, akanitazama mimi, akakaa mkekani pake. "Basi mleteeni chakula," akasema. "Mume wa kukaa ndiye huyu."

Bwana Haraka amerudi Morogoro kwa punda wa kuazima. Punda hana klachi, atafika salama. Mimi nawaandikia nikiwa barazani kwa wakwe, nimeshiba boga. Kesho naanza kulima lile shamba nililolivuruga.

Wenzangu, kwa heshima ya shule tuliyosoma, msinicheke. Na mkisikia ngozi imeshushwa pale Dar es Salaam, fanyeni hisani: ifukieni.