Ombi la Magwangala ya Mjini

Kitongoji cha Mwabasabi,
Geita.

Kwa Mheshimiwa Katibu,
Kamati ya Kugawa Maendeleo Sawasawa.

Shikamoo, hata kama nimekuzidi umri; kwa cheo hicho lazima mtu aamkie tu.

Mimi Maduhu, mwenyekiti wa kitongoji, nakuandikia kwa heshima na uchungu. Dhahabu inaondoka kwetu kwa ndege, sisi tunaachiwa magwangala, yale mawe ya mabaki ambayo mgodi hauna shida nayo tena, tuyagonge tukibahatisha. Utaratibu huo hatuukatai. Tunachosema ni kwamba na ninyi wa mjini mtufanyie vivyo hivyo. Kwa hiyo tunaomba magwangala yenu, kama ifuatavyo:

1. Magwangala ya lami. Huko mnabandua barabara nzima ili muweke nyingine. Leteni vile vipande, tutavipanga wenyewe.

2. Magwangala ya madaktari. Bingwa hatumtaki, jamani, tunajijua. Tupeni aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, hata kama haoni vizuri, mradi mikono yake inakumbuka kazi.

3. Magwangala ya bati. Hili ndilo linaloniuma. Zahanati tumejenga wenyewe, kuta zote za magwangala, maana mawe ndiyo tuliyo nayo. Huu mwaka wa sita haina paa. Mkwe wangu Bhoke, mke wa mwanangu Enock, ana mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza alifia njiani, juu ya bodaboda, mjini hawajafika. Nimekasirika, Mheshimiwa, na sentensi hii siifuti.

4. Magwangala ya viongozi. Waziri aliyetumbuliwa, mbunge aliyeangushwa, yeyote yule. Aje akae nasi mwezi mmoja, anywe maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Tutamtunza.

5. Yakikosekana yote hayo, basi tuhamishieni Dar es Salaam tukiwa hapahapa. Mtupake tu rangi kwenye ramani, tuhesabiwe watu wa Kinondoni.

Nisalimie wajumbe wote, mama watoto, na dereva wako, maana gari najua lipo.

Wako mtiifu kwa sasa,
Maduhu, Mwenyekiti.

Nyongeza: Mheshimiwa, bati usilete tena. Jana Deusdedit, kijana wa hapa kitongojini, alichomoa jiwe moja la dirisha la zahanati, akalipeleka kwenye karasha kulisaga, lo, likatoa dhahabu! Kufika jioni zahanati yote ilikuwa unga. Ukuta wa chumba cha kujifungulia niliuchukua mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti. Imebaki kona moja ya msingi, na Bhoke amekaa juu yake tangu asubuhi na tumbo lake, hanyanyuki. Mimi baba mkwe mila hainiruhusu hata kumshika mkono. Tafadhali tuma mtu wa serikali aje amwondoe, watu wanasubiri na nyundo.