Vitufe Vitano vya Kumbana Coletha

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mwalimu Boaz kasema mbele ya kwaya nzima kwamba besi yangu inarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Jumamosi atatupima, mimi na Coletha. Mmoja atapiga besi kwenye video ya kwaya. Mwingine atasimama safu ya sauti ya pili. Coletha ameshika gitaa tangu Machi. Vidole vyake laini mno, besi yake haisikiki hata ukikalia spika. Mimi nina miaka sita kwenye besi, na shahada ya fizikia. Na mama ameshatangaza Runzewe nzima kwamba nitaonekana.

Jumanne, 10 Juni
Nimenunua kompresa, kifaa cha kusawazisha sauti ya gitaa, huko Kalangalala kwa fundi redio. Pedali ya mtumba, maandishi yamefutika. Vitufe vitano vya kuzungusha. Fundi kasema hajui vinafanya nini, ila vyote vinazunguka.

Jumatano, 11 Juni
Nimeelewa, bila msaada wa mtu. Cha kwanza kinaweka mstari: sauti ikiuvuka, inakandamizwa. Cha pili, ikandamizwe kwa nguvu kiasi gani. Cha tatu, ikamatwe papo hapo au ichelewe kidogo, mdundo wa kidole upite. Cha nne, iachiwe upesi au taratibu. Cha tano kinapandisha sauti yote ikishabanwa. Nimeviweka katikati. Besi imenyooka. Nililia kidogo.

Alhamisi, 12 Juni
Mazoezi. Boaz kanisifu. Furaha ya dakika mbili. Kisha akaniomba, mbele ya watu arobaini, kwa upendo wa kikwaya, Jumamosi Coletha naye atumie pedali yangu. Wote wakanitazama. Nani anakataa upendo mbele ya sauti zote nne? Coletha akashukuru kwa Kisukuma: wabeja, dada.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepanga. Mstari chini kabisa. Kukandamiza hadi mwisho. Kukamata papo hapo. Kila noti yake itanyongwa. Nilipojaribu, sauti ikawa ndogo mno, wangegundua. Basi nikapandisha cha tano hadi mwisho. Coletha ataanza. Zamu yangu ikifika nitainama kama nafunga kiatu, nivirudishe.

Jumamosi, 14 Juni
Vidole vya Coletha havikuufikia hata mstari wenyewe. Hakuna kilichokandamizwa. Kitufe cha tano kikambeba tu, mpaka madirisha yakatetemeka. Mama Mbuke wa sauti ya kwanza akapiga vigelegele. Nikainama. Boaz akauliza nafunga nini, maana nimevaa ndala. Watu wakacheka. Akaagiza pedali isiguswe, wote tupimwe sawa. Nikapiga kwa hasira. Kadiri nilivyopiga ndivyo nilivyobanwa. Boaz kasema mbuzi amekufa.

Jumanne, 17 Juni
Tumerekodi. Nilisimama safu ya sauti ya pili, nyuma ya Apolonia, na Apolonia ni mrefu. Mama kapiga simu kuuliza kama nitaonekana. Nikasema mkono utaonekana. Akauliza mkono upi, awaambie majirani.

Coletha ameniomba nimfundishe kompresa, haelewi hata kitufe kimoja. Nimekubali. Boaz atatupima tena Agosti, kwa wimbo wa pili. Nimeutafakari mpango wangu wote tangu mwanzo, kisomi, na nimeona kosa lilikuwa moja tu.

Nimeazima raba za Apolonia. Zina kamba ndefu.