Gurudumu la Chukudu Dhidi ya Ingénieur Honoré

Jumatatu, 13 Novemba
Honoré amenicheka tena mbele ya kilabu nzima ya roboti. Ingénieur! Mutu wa diplome tatu, nyundo haijui. Ameuliza kama roboti yangu itarusha mipira ama itabeba viazi, eti kwa sababu gurudumu lake ni la chukudu. Ndiyo, la chukudu, baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo! Mbao, na raba ya tairi juu yake. Mutaa muzima wa Birere unapanda chukudu ninazochonga. Mushindi wa mashindano ya Jumamosi, ya kutia mipira kikapuni, anapanda bato ya kuvuka ziwa kwenda fainali Bukavu. Honoré amekwisha kununua valizi ya safari. Bure kabisa.

Jumanne
Kanuni: mupira usipite metre kumi kwa segonde. Honoré ana magurudumu mawili, yanaubana mupira huku na huku, yanautema bila kuuzungusha. Gurudumu likienda kumi, mupira nao kumi. Halafu unaanguka mbele ya kikapu kama gunia. Mimi nina gurudumu moja, na juu yake bati lililopindwa. Mupira unapita katikati, unabiringika upande wa ndani wa bati: unapata nusu ya mwendo wa gurudumu, nusu ingine inaishia katika kuzunguka. Gurudumu kumi na tisa, mupira tisa na nusu. Halali! Tena unazunguka kinyumenyume, hewa inaubeba, unaingia kikapuni kama mutu anayerudi kwake.

Jumatano
Honoré amenishitaki kwa mwamuzi, Mama Nabintu, mwalimu wa fizikia. Eti gurudumu langu linakimbia karibu mara mbili ya kanuni! Mama akamwambia: tunapima mupira, papa Honoré, si gurudumu. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa
Chukudu haijatoka kwangu hata siku moja bila kupakwa mafuta ya motere ya gari. Sasa roboti itoke kavu? Nimepaka bati lote, ndani na nje. Raba sikuigusa, mimi si mujinga. Athanasie, mke wangu, ameuliza kama mupira hautateleza. Nimemwambia aangalie sombe yake jikoni.

Jumamosi
Balaa! Mupira haukubiringika. Uliteleza. Haukuzunguka, basi ukabeba karibu mwendo wote wa gurudumu. Kumi na sita! Ukaruka kikapu, ukavunja soda za wageni. Honoré alipiga makofi kama yuko misa. Nimesema wazi kwamba mashine ya kupima ina wivu. Lakini mipira ya Honoré nayo haikufika hata mumoja. Mama Nabintu kachoka na sisi wote: turudie Jumatatu, mara ya mwisho.

Jumapili
Athanasie ameosha bati kwa sabuni na majivu. Ruhusa hakuomba. Tumejaribu: tisa na nusu, kikapuni. Tena, kikapuni! Akafunika roboti na kitenge chake, akaniambia: Baba Mahoro, nakuomba, usiiguse.

Jumatatu, 20 Novemba, asubuhi
Watu wamejaa. Honoré amekuja na valizi. Athanasie amekaa mbele, amevaa vizuri. Nimeondoa kitenge. Ee Mungu! Bati limepauka kama goti la mutoto asiye na mama. Hivyo ndivyo Honoré anione? Mimi, Ntirenganya?

Nimepaka. Kidogo tu, kwa kidole. Na upande wa ndani peke yake, maana ndiko Mama Nabintu anachungulia.