Nimemfokea Stelingi, Mama Yangu Akasikia

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu.

Nimetoka sinema sasa hivi, ile ya mchana, na nimepita nyuma ya kiwanda cha pamba nikinyata kama mwizi wa kuku. Kaeni niwasimulie.

Mnaijua hiyo filamu ya Kihindi iliyoitikisa Shinyanga nzima. Wazee wa mtaa wanasema inawafundisha wake za watu kiburi: mke akishaiona, akigombana kidogo tu na mama mkwe, anafunga virago. Vijana wanasema haijapata kutokea filamu kama hiyo. Juzi wazee wakakutana kwa Mzee Rajabu, muuza vitenge, wakaamua mtu mzima mwenye akili zake aende akaitazame, halafu aseme kama familia zetu zikatazwe kuiona. Wakanichagua mimi, balozi wa nyumba kumi. (Mwenye akili zake!)

Sasa, kwangu nako kunawaka moto. Mke wangu, Mama Kabula, amerudi kwao Nkome tangu wiki iliyopita. Alipika samaki, sato, akampa mama yangu kichwa. Kwao ziwani kichwa anapewa mtu wa heshima. Mama yangu, Msukuma wa ng'ombe na maziwa, akaona katupiwa mifupa. Maneno yakaanza. Mama akaja kunilalamikia, mke naye akaja kunilalamikia. Mimi nikaongeza sauti ya redio. (Ilikuwa taarifa ya habari, jamani!)

Basi leo nimenyoosha suruali yangu ya bugaluu, nimechana nywele, naaga. Mama akasimama.

"Nami naja."

"Mayu, ni kazi ya mtaa hiyo."

"Nitakaa kimya."

Tukaketi benchi la mbele, mimi nimekunja uso kama hakimu. Kihindi hatukijui, lakini pale yupo Hamisi, mkata tiketi, husimama kando ya kitambaa cha sinema akitafsiri kwa sauti. (Kihindi naye hakijui, ila hajawahi kukwama.)

Filamu ikaanza. Bi harusi mzuri, mpole, anaimba huku anachota maji. Nikajisemea, mbona hakuna ubaya hapa? Mara mama mkwe akaingia jikoni peke yake, akachota chumvi konzi nzima, akaitumbukiza kwenye mchuzi wa yule binti! Ukumbi mzima ukaguna. Stelingi, mume wa yule binti, akaonja, akatema. Mama yake akaanza kulia machozi ya uongo.

"Anasema: mkeo anataka kuniua!" Hamisi akatafsiri.

Binti anaapa, anapiga magoti, mtoto mgongoni. Na yule stelingi, mwanaume mzima mwenye masharubu, amesimama tu! Anaangalia dirishani! Hasemi lolote! Kisha akanyoosha kidole mlangoni.

Hapo sikujijua tena. Nikajikuta nimesimama juu ya benchi.

"Usimfukuze, mpumbavu wewe! Mkeo hana kosa!"

Nyuma yangu watu wakashangilia. Nikapata nguvu.

"Mama yako ndiye mwenye maneno! Mwambie! Unamwogopa mama yako, ng'ombe wewe?"

Wakati huohuo mkanda wa filamu ukakatika. Muziki, kimya. Taa zikawaka. Shangwe zikazimika. Sauti pekee iliyobaki ukumbini ilikuwa yangu:

"Mama akikosea aambiwe!"

Nikatazama chini. Shavu limelowa. Mkononi nimeshika kanga ninayofutia kamasi, na kanga hiyo upande wa pili imemzunguka mama yangu mzazi.

Watu hawakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Walikuwa wananitazama kwa huruma, kama wanavyotazama mgonjwa. Hamisi akakohoa, akasema polepole, "Balozi, shuka usije ukaanguka."

Nikashuka. Mama akaivuta kanga yake taratibu, akaikunja penye unyevu. Tukatoka nje kabla mkanda haujaungwa. Mlangoni tukamkuta Mzee Rajabu anasubiri taarifa yake.

"Enhe, balozi. Filamu ina madhara?"

Mama akanijibia.

"Ina madhara makubwa, Mzee Rajabu. Imemfanya mwanangu aseme."

Tukatembea. Nilitamani barabara inimeze. Tulipovuka reli akasimama.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua kuwa mkeo hana kosa?"

"Nilijua, Mayu."

"Na mimi nikabaki nanuna bure, nikidhani nawe umeona nimedharauliwa. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

Akanitazama, mdomo ukianza kumcheza. "Kesho tunapanda basi la Geita, wote wawili. Huko Nkome nitamuuliza mwenyewe hicho kichwa kinaliwaje. Wewe utakaa pembeni, maana ukianza kusema hujui kunyamaza."

Halafu akacheka. Mama yangu! Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

Basi ndugu zangu, nimewaambia mimi mwenyewe kabla hamjaambiwa sokoni, maana huko tayari wanasema nilirukia kile kitambaa nikampiga stelingi makofi. Ni uongo. Sikumgusa kabisa. Nilimtukana tu.