Ndevu Nusu kwa Jina la Baba

Jumatatu, tarehe 4
Nimekataliwa! Na binti yangu wa kumzaa! Anakaribia kujifungua, mtoto wa kiume, wamesema hospitali. Nikasema basi ni Ghaithi, jina la marehemu baba. Akacheka. Akasema mtaa mzima hakuna mwenye jina hilo, na anayejaribu kulitamka anajiuma ulimi. Mume wake mwenyewe anasema "Gaisi". Nikakazana. Akasema haya, siku akiwasikia watu wa mtaani wanalitamka sawasawa, atampa.
Vizuri. Mimi ni kinyozi. Vichwa vyao vyote vinapita mikononi mwangu.
Tangu mama atangulie, sijasikia mtu akiliita jina hilo. Mama alikuwa akilivuta: Ghaaaithi, chakula! Nimelikumbuka leo nikiosha mikasi, ikabidi nikae kitako. Nataka kulisikia tena kabla sijafa. Basi.

Jumatano, tarehe 6
Mpango umeanza. Anayekaa kwenye kiti changu hainuki mpaka atamke. Nawafundisha: mwanzo wake unatoka kooni, kama mtu anasukutua, mwisho wake ulimi unachungulia kati ya meno. Mwalimu wa hesabu kajitahidi, kioo chote mate. Dereva wa teksi akadai ana haraka. Nikamwambia ndevu ni nusu tu, achague mwenyewe. Akasukutua weee, mpaka likatoka! Akaondoka analirudiarudia.
Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye ndiye baba wa mkwe wangu, alisimama mlangoni akicheka mpaka akakohoa. Anasema mjukuu apewe jina jepesi. Mpinzani! Viatu vyangu sasa nashona mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 8
Mtaa mzima unasukutua! Muuza mkate kaniita Ghaithi badala ya kunisalimia. Sasa fundi viatu naye kampa paka wake dume jina hilo. Jina la baba yangu! Na analitamka vizuri kuliko wote, hana haya yule mzee.
Nilivuka barabara nimkoromee. Kabla sijafungua mdomo, akamwita paka. Nikasimama palepale katikati ya barabara. Nilimwona baba anaingia mlangoni, anajifuta miguu. Gari likanipigia honi, nikarudi dukani bila kugombana na mtu.

Jumapili, tarehe 10
Balaa! Mke wa dereva wa teksi kajifungua mtoto wa kiume. Jina? Ghaithi! Dereva kaja mbio kunishukuru. Anasema lilimganda mdomoni tangu siku ile ya ndevu. Nimempa hongera shingo upande. Wembe nilikuwa nao mkononi, nikajizuia.

Jumanne, tarehe 12
Mjukuu huyo! Nywele tele, mteja wangu wa baadaye. Nikainama nimwite Ghaithi, binti yangu akanishika mkono. Akasema, baba, umeshinda, watu wanalitamka. Ila akiliita dirishani, atakuja mtoto wa dereva pamoja na paka. Kampa jina langu mimi. Langu! Jina lenyewe la bei ya jumla, kila ofisi ina karani anayeitwa hivyo. Nikamuuliza ya nini, wakati mimi mwenyewe nipo? Akamtazama mtoto. Akasema ndiyo hivyo, siku nitakapokuwa sipo, hataki nyumba ikae kimya kama yangu ilivyokaa.
Sikumwelewa. Uchovu wa uzazi, bila shaka. Lakini nilipofika nje, nililipita duka langu bila kuliona, sijui kwa nini.

Jumatatu, tarehe 18
Leo mchana mke wa fundi viatu kajitokeza mlangoni kwake na sahani. Akavuta sauti: Ghaaaithi, chakula! Vilevile! Sauti ileile ya mama! Machozi yakanitoka mbele ya mteja, nikasingizia spiriti ya ndevu. Kisha nikavuka barabara na kumwomba yule mama, kwa heshima zote, awe anamlisha paka mara mbili kwa siku. Fundi viatu hakucheka. Akasema viatu vyangu nimletee, nimevishona vibaya.
Sasa nimewaza. Lipo jina la mama, nalo halijaitwa siku nyingi, na ni gumu zaidi. Binti yangu mdogo hana hata mchumba, lakini maandalizi ni mapema. Mwalimu wa hesabu yuko kitini, ndevu nusu. Nimemwambia afungue mdomo.