Uzinduzi wa Mradi wa Vijiko Viwili

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa wafadhili. Waheshimiwa wakuu wa mitaa mliofika na mliotuma udhuru. Masheikh, mapadri na wachungaji. Wakunga wetu watukufu. Waheshimiwa kina mama wajawazito, pamoja na waheshimiwa mlio matumboni mwao, ambao kwa mujibu wa itifaki nanyi ni wageni waalikwa: mimi, Népomuscène, Mratibu Mkuu, Msemaji Pekee na Mwenyekiti wa Kudumu wa Mradi wa Vijiko Viwili, nawasalimu! (Makofi. Mtoto analia.) Asante, kijana, nimepokea.

Niruhusuni nieleze polepole, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Kuna kirusi kinaitwa sitomegalo. Hiyo “megalo” ni Kigiriki, maana yake kubwa, na ndiyo sababu jambo hili halikukabidhiwa mtu mdogo. (Vicheko.) Daktari tuliyemwomba atuandikie hotuba hii alileta sentensi tatu tu. Kwamba kirusi hicho hukaa katika mate na mkojo wa watoto wadogo, hata wazima wanaocheza. Kwamba mama akikipata huenda asihisi lolote, lakini mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na masikio yasiyosikia vizuri. Na kwamba kwa hiyo mjamzito asile kwa kijiko kimoja na mtoto, ambusu kwenye paji la uso badala ya mdomoni, na anawe mikono kwa sabuni kila akimbadilisha nepi. Sentensi tatu! Nikamwambia, Daktari, kwa sentensi tatu hata choo hakizinduliwi.

(Mama mjamzito wa mstari wa mbele, amempakata mtoto: “Patron, samahani. Mi naitwa Chanelle. Huyu Eddy wangu, uji akibakiza mi ndiye namaliza, na kijiko ni ile ile. Sasa niko na mimba. Niache ao niendelee?”)

Swali zuri sana, mama Eddy, na kwa uzuri wake haliwezi kujibiwa ovyo. Limepangwa kwenye awamu ya nne. Leo tupo awamu ya kwanza, ambayo ni kuwafahamisha wananchi kwamba kuna awamu. (Sauti kutoka nyuma: “Na mimba nayo ingoje awamu?” Vicheko.)

Awamu hii tuliianzia Kajaga, kando ya ziwa, ambako wataalamu tulijifungia katika warsha ya kuimarisha uwezo wa waimarisha uwezo, tukila samaki wetu wa ziwani, mukeke wa kuchoma, kila mtaalamu na sahani yake, uma wake na kijiko chake, na nawahakikishieni kwamba hakuna aliyeambukizwa. (Chanelle: “Eh! Kumbe dawa munaijua!”) Takwimu zinatia moyo. Tumewafikia asilimia mia na kumi na mbili ya wajawazito, wakiwemo baadhi ya waume zao, na kiwango cha sensibilisation, yaani uhamasishaji, kimepanda hata mahali ambapo hatujafika. Vijiko vyenyewe, kimoja cha mama na kimoja cha mtoto kwa kila nyumba, vipo kwenye depo kule Zone Industrielle, katika hali ya kiutawala. (Sauti: “Hali gani hiyo?”) Ni hali ambayo kitu kipo, ila hakionekani.

Nisiwachoshe. Naomba uji. (Kinaletwa kikombe cha uji na kijiko kimoja.) Mila yetu inasema anayetoa ndiye anayeonja kwanza, ili mgeni ajue hamna sumu. Basi naonja mimi. (Anaonja.) Anaonja mtoto, kwa niaba ya kizazi kijacho. (Eddy anaonja, anakitafuna kijiko.) Na sasa kijiko hiki hiki, alama ya mshikamano wetu, nakipeleka kwa mama yake. Fungua kinywa, mama, wapiga picha wanangoja.

(Chanelle anaziba mdomo kwa kiganja: “Apana, patron.”)

Mama, hamna sumu, nimeonja mwenyewe!

(“Si ndiyo shida yenyewe? Umeonja we, ameonja Eddy, sasa mi ndiye nifunge hesabu? Docteur amesema kila mutu na kijiko yake. We mwenyewe umetusomea!”)

Nimesoma, mama. Sikusema tuanze leo.

(“Mi naanza leo. Nikitoka hapa naenda soko ya Jabe, nanunua kijiko ya pili. Huyu wa ndani atangoja awamu yenu na masikio gani?” Anambusu Eddy kwenye paji la uso. Ukumbi mzima unasimama. Makofi marefu, vigelegele.)

Asanteni! Mmejionea jinsi mradi unavyozaa matunda, tena kabla ya awamu ya nne! Vijiko viwili! (“Nyumba moja!”) Busu la mtoto! (“Paji la uso!”) Mikono kwa sabuni! (“Sabuni iko wapi?”)

Kwa kumalizia, nawashukuru wafadhili wetu, ambao tukiwapata watafurahi sana. Namshukuru Anouar aliyetuazima shuka tukaliandika kuwa bango. Namshukuru mlinzi wa depo kwa kuturuhusu tuseme ana vijiko. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Assia wa kibanda cha uji hapo mlangoni, mwenye kijiko hiki, ambacho hadi sasa ndicho vijiko vyote vya mradi. Mama Assia, tunakurudishia.

(Mama Assia, kutoka mlangoni: “Mukioshe kwanza!”)